Yumo kwenye rekodi, hayumo ukutani: ubishi wa mashabiki wa besiboli kuhusu kosa, kipaji na msamaha

Ndani ya makumbusho ya besiboli mjini Cooperstown, jimbo la New York, Pete Rose yupo na hayupo. Vitu alivyotumia uwanjani vimehifadhiwa humo. Rekodi yake ya mapigo halali 4,256, ambayo hakuna mwingine aliyeifikia katika Ligi Kuu ya Marekani, imeandikwa kama ilivyo, haikukatwa hata pigo moja. Lakini ukiingia kwenye ukumbi wa mabamba ya shaba, yaani pale hasa panapokusudiwa mtu akisema fulani "ameingia Cooperstown", jina lake hulioni. Mashabiki wanabishana juu ya pengo hilo tangu 1989, Rose alipofungiwa kwa sababu ya kamari. Rose mwenyewe alifariki Septemba 30, 2024 akiwa na miaka 83, ubishi ukiwa palepale.

Usikilize ubishi huo kwa dakika kumi tu. Mmoja atasema Rose alikuwa fundi hasa. Wa pili atajibu kwamba alikuwa mwongo. Wa tatu ataingilia kati: adhabu ameshaitumikia, mnataka nini tena? Hakuna kati yao anayemkanusha mwenzake. Wa kwanza anazungumzia kipaji, wa pili tabia, wa tatu adhabu, na kila mmoja anadhani amemjibu mwenzake. Ukitenganisha maswali hayo, sehemu kubwa ya kelele inapungua, ingawa si yote.

Kwa aliyezoea kandanda, mambo machache ya kushika ni haya. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo na kukimbilia kituo. Akifika salama kwa nguvu ya pigo lake, hilo ni pigo halali. Mpira ukivuka uzio hewani ndani ya mipaka ya uwanja, ni homrani, naye anazunguka vituo vyote bila kusumbuliwa. Kila tukio linaandikwa, na daftari hizo zinarudi nyuma hadi karne ya 19. Ndiyo maana shabiki wa besiboli ana wivu na namba kuliko shabiki wa Simba au Gor Mahia: anaweza kumlinganisha kijana wa leo na mtu aliyezikwa miaka themanini iliyopita, mradi namba zote mbili ziwe safi.

Nani hasa anayesamehe?

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu wanadhani kuna mlango mmoja. Ipo milango kadhaa, na funguo hazishikwi na mtu mmoja.

Kamishna wa ligi anashika orodha ya waliofungiwa. Aliye kwenye orodha hiyo haruhusiwi kuajiriwa na klabu yoyote, iwe kama mchezaji, kocha au mtafuta vipaji. Klabu nazo zina uamuzi wao: mchezaji aliyemaliza kifungo anaruhusiwa kucheza, lakini hakuna sheria inayoilazimisha klabu kumpa mkataba. Jukwaani, mashabiki wana silaha zao mbili, kushangilia na kuzomea.

Jumba la Magwiji la Cooperstown ni taasisi nyingine kabisa yenye bodi yake, wala si idara ya ligi. Utaratibu wake ni huu: mchezaji awe amecheza misimu 10 au zaidi, na awe amestaafu kwa miaka 5. Jina lake likishapita mchujo, linakwenda kwa waandishi wa besiboli wenye uanachama wa miaka 10 katika chama chao. Kila mwandishi anaruhusiwa kuchagua majina yasiyozidi 10. Anayepata asilimia 75 anaingia. Anayepata chini ya asilimia 5 anaondolewa. Waliobaki katikati wanarudi mwaka unaofuata, hadi mara 10. Zamani ilikuwa mara 15, ikapunguzwa mwaka 2014. Akikwama mara zote hizo, bado ana nafasi mbele ya kamati ndogo ya watu 16, ambako anahitaji kura 12.

Kiini cha ubishi kimo katika sentensi moja ya kanuni za upigaji kura. Inamtaka mwandishi apime rekodi ya mchezaji, uwezo wake wa kucheza, uadilifu, uanamichezo, tabia, na mchango wake kwa timu alizochezea. Vitu sita, vitatu kati yake vikihusu mwenendo. Kanuni haisemi kila kimoja kina uzito gani. Kwa hiyo mwandishi mmoja anaweza kuweka tabia juu ya yote, mwingine akaipuuza, na wote wawili wakawa wamefuata kanuni. Anayelalamika kwamba waandishi hawana msimamo mmoja anapaswa kwanza kuilalamikia sentensi hiyo.

Kwa nini kamari imekuwa kosa lisilosameheka

Mwaka 1919 klabu ya Chicago White Sox ilipoteza fainali mbele ya Cincinnati Reds kwa michezo 5 kwa 3. Baadaye ikajulikana kwamba baadhi ya wachezaji wa Chicago walikuwa wamechukua pesa za wacheza kamari ili wafungwe. Wanane walishtakiwa, na mwaka 1921 baraza la mahakama likawaachia huru waliofikishwa mbele yake. Kamishna Kenesaw Mountain Landis hakujali hukumu hiyo. Aliwafungia wote wanane maisha, akiwemo Buck Weaver, ambaye kosa lake lilikuwa kujua mpango na kunyamaza.

Aliyeumiza mioyo ya mashabiki kuliko wote ni Joe Jackson, mmoja wa wapigaji bora kupata kuonekana, mwenye wastani wa .356 maishani, yaani mapigo halali 356 kwa kila nafasi 1,000. Katika fainali hiyo alipiga mapigo 12 na wastani wa .375. Wanaomtetea huuliza: mtu anayeuza mechi hupiga hivyo? Wanaompinga hujibu kwamba dola 5,000 alizipokea. Majibu yote mawili yana ukweli, na hilo ndilo linalotisha: namba nzuri haziwezi kukuhakikishia kwamba mtu alicheza kwa moyo wote katika dakika iliyohitajika.

Kutokana na jeraha hilo ikatungwa Kanuni ya 21, ambayo mpaka leo hubandikwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Ukibeti besiboli kwenye mchezo usiokuhusu, unafungiwa mwaka mmoja. Ukibeti mchezo ambao una jukumu ndani yake, unafungiwa moja kwa moja, yaani bila kikomo. Kanuni haiulizi ulibeti timu yako ishinde au ifungwe.

Watetezi wa Rose wanasimama hapo hasa. Alikuwa meneja wa Reds, yaani kocha mkuu, na uchunguzi wa wakili John Dowd, wenye ripoti ya kurasa 225, ulionyesha alibeti michezo 52 ya timu yake mwaka 1987. Ripoti haikukuta ushahidi kwamba alibeti timu yake ifungwe. Basi ubaya uko wapi, wanauliza, ikiwa kila mara alitaka kushinda?

Uko sehemu tatu. Kwanza, meneja mwenye pesa kwenye mchezo wa leo ana kishawishi cha kumtumia mrushaji aliyechoka ili ashinde leo, hata kama mkono wa kijana huyo utaharibika kesho. Pili, anayebeti leo na asibeti kesho anapeleka ujumbe bila kufungua mdomo: wanaopokea pesa zake wanajua siku ambayo haiamini timu yake. Tatu, kamari huzaa deni, na anayekudai anaweza kukuomba umlipe kwa namna nyingine. Anayeijua mikeka ya vijana wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi jinsi deni linavyomgeuza mtu.

Agosti 24, 1989 kamishna Bart Giamatti alitangaza makubaliano: Rose anafungiwa moja kwa moja. Siku nane baadaye Giamatti akafa ghafla, na kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna kamishna aliyetaka kuonekana anafuta uamuzi wa marehemu. Februari 1991, kabla jina la Rose halijafika kwa waandishi, bodi ya Cooperstown ikapitisha kwamba aliye kwenye orodha ya waliofungiwa hawezi kupigiwa kura. Milango miwili iliyokuwa mbalimbali ikafungwa kwa kufuli moja. Waandishi hawakuwahi kumkataa Rose, maana jina lake halikuwekwa rasmi mbele yao, ingawa wengi hudhani walimkataa.

Kisha kuna suala la kukiri. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Rose alibaki wima karibu miaka 15. Alikana, akawaita waliomchunguza waongo, na mwaka 2004 ndipo akakubali kwamba alibeti michezo ya Reds akiwa meneja, tena ndani ya kitabu alichokuwa akikiuza. Mwaka 2015 zikatoka kumbukumbu za daftari zilizoonyesha alibeti hata alipokuwa bado mchezaji, jambo alilokuwa amelikataa muda wote. Kwa maoni yangu kamari peke yake isingemweka nje kwa muda mrefu hivyo. Alijifungia mwenyewe kwa kukiri vipande vipande, kila kipande kikija baada ya ushahidi.

Mei 13, 2025 kamishna Rob Manfred aliamua kwamba kifungo cha moja kwa moja kinakwisha mtu anapokufa. Hoja yake ni kwamba marehemu hawezi kuhatarisha uadilifu wa mchezo, na adhabu ya maisha mazima inatosha kuwaonya walio hai. Majina 17 yakatoka kwenye orodha, ya Rose na Jackson yakiwemo. Wengi walisoma habari hiyo wakadhani Rose amesamehewa. Kilichotokea ni kwamba kufuli moja limefunguliwa. Kamati inayohusika na wachezaji wa enzi zake inakutana Desemba 2027.

Yapo pia mambo ambayo mjadala wa kamari uliyafunika. Mwaka 2017, katika kesi ya mahakamani, mwanamke mmoja alitoa kiapo kwamba Rose alikuwa na uhusiano naye miaka ya 1970 kabla hajafikisha miaka 16. Rose alisema aliamini alikuwa na miaka 16. Klabu ya Philadelphia Phillies ikafuta sherehe iliyokuwa imeandaa kumuenzi. Shabiki anayedai kwamba kosa la Rose lilikuwa "kubeti tu" anapaswa kueleza anafanya nini na hilo.

Na ligi yenyewe je? Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipofungua mlango wa kubeti michezo mwaka 2018, kampuni za kamari zimekuwa wadhamini, na matangazo yao yanaonekana katikati ya mchezo. Mashabiki wanaita huo unafiki. Wana haki ya kukereka, ila hoja haimsaidii Rose kama wanavyodhani: mchezaji anayejua nani anaumwa na nani atarusha kesho hayuko sawa na mtu wa mtaani mwenye simu. Juni 2024 Tucupita Marcano alifungiwa maisha kwa kubeti besiboli, zikiwemo dau kwenye michezo ya klabu yake Pittsburgh alipokuwa majeruhi. Hakukuwa na kelele kubwa. Hakuwa na mapigo 4,256.

Dawa: pale kipaji chenyewe kinapoingia shaka

Kamari haikugusa uwezo wa Rose wa kupiga mpira. Dawa za kuongeza nguvu zinagusa uwezo wenyewe, na ndiyo maana ubishi wa Barry Bonds ni mgumu kuutatua kuliko wa Rose.

Bonds ana homrani 762 maishani na 73 katika msimu wa 2001, rekodi zote mbili. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mara 7. Roger Clemens alishinda michezo 354 kama mrushaji na kuchukua tuzo ya mrushaji bora mara 7. Wote wawili walihusishwa na dawa, na wote wamekana kuzitumia kwa kujua. Januari 2022, katika jaribio lao la kumi na la mwisho mbele ya waandishi, Bonds alipata asilimia 66.0 na Clemens 65.2. Kamati ndogo iliwakataa mwaka 2022, ikawakataa tena Desemba 2025 kwa kura chini ya 5 kila mmoja.

Dawa hizi hazimfundishi mtu kuuona mpira. Mpira unaorushwa kilomita 150 kwa saa unafika kwa mpigaji ndani ya takriban sekunde 0.4, na uamuzi wa kupiga au kuacha unafanywa katika sehemu ya muda huo. Jicho na mkono huo Bonds alikuwa nao. Kinachobadilika ni misuli: inajijenga haraka, inapona haraka kati ya michezo 162 ya msimu, na gongo linakwenda kasi kidogo zaidi. Mpira ambao ungedakwa mita chache kabla ya uzio sasa unauvuka. Tofauti ndogo mwanzoni, kubwa mno kwenye daftari.

Shabiki wa hesabu husema: basi tupunguze asilimia fulani, tumpime upya. Haiwezekani, kwa sababu tatu zinazoshikana. Hatujui nani alitumia, kuanzia lini na kwa kiasi gani. Warushaji waliowarushia nao wengine walitumia, kwa hiyo nyongeza ilikuwa pande zote mbili. Na dawa haifanyi kazi sawa katika kila mwili. Wapo wachezaji waliotumia na kubaki wa kawaida, ambao leo hakuna anayewakumbuka hata kuwalaumu.

Njia nyingine inayopendwa ni kuukata wasifu vipande viwili. Hadi mwisho wa 1998, kabla ya miaka inayotiliwa shaka zaidi, Bonds alikuwa na homrani 411, vituo 445 alivyoviiba kwa mbio, na tuzo tatu za mchezaji bora. Hilo peke yake lingetosha kumwingiza Cooperstown, nami nakubaliana nalo kama suala la kipaji. Tatizo ni kwamba hoja hiyo inajibu swali ambalo mpinzani hakuuliza. Yeye anauliza kuhusu uadilifu, ambao haukatwi kwa tarehe.

Pia wapo wanaokumbusha, na wana haki, kwamba ligi yenyewe ilifunika kombe mwanaharamu apite. Agizo la kamishna la mwaka 1991 lilikataza dawa hizi, lakini hakukuwa na vipimo. Mwaka 1998 Mark McGwire alipopiga homrani 70 na Sammy Sosa 66, viwanja vilijaa na ligi ikapongezwa kwa kufufuka baada ya mgomo wa 1994. Vipimo vya majaribio, visivyotaja majina, vilianza 2003. Adhabu nzito zikaja 2006: michezo 50, kisha 100, kisha maisha. Tangu 2014 ni 80, kisha msimu mzima wa 162, kisha maisha. Bud Selig, aliyeongoza ligi kuanzia 1992 hadi mwanzoni mwa 2015, alichaguliwa kuingia Cooperstown Desemba 2016. Mwezi uliofuata kura za Bonds na Clemens ziliruka kutoka karibu asilimia 45 hadi kuvuka 50. Waandishi kadhaa walisema wazi kwamba wasingeweza kumwacha mchezaji nje hali mkubwa wake yumo ndani.

Kwa hiyo mashabiki wengi sasa wanachora mstari kwenye tarehe. Aliyetumia kabla ya adhabu kuwapo wanamhesabu tofauti na aliyekamatwa baada ya kanuni kueleweka. Alex Rodriguez, mwenye homrani 696, alifungiwa msimu wote wa 2014, na waandishi hawajampa kura za kutosha. Mstari huo una mantiki, lakini si wa chuma: David Ortiz aliingia 2022 kwa asilimia 77.9 ingawa mwaka 2009 jina lake liliripotiwa kuwa miongoni mwa waliokutwa na kitu katika vipimo vya siri vya 2003. Kamishna alitilia shaka usahihi wa matokeo hayo. Ortiz pia ni mtu wa kupendwa, mcheshi. Bonds alikuwa mkavu kwa waandishi haohao wanaopiga kura. Usiamini anayekuambia hilo halikuchangia.

Na kabla ya dawa kulikuwa na ujanja mwingine. Gaylord Perry alishinda michezo 314 huku akijulikana kupaka mpira mate na mafuta ili upinde njia, jambo lililokatazwa. Aliandika kitabu akikiri, hali bado anacheza. Aliingia Cooperstown 1991, na watu walicheka naye. Vidonge vya kuchangamsha mwili vilikuwa vya kawaida katika vyumba vya wachezaji kwa miongo kadhaa, na vipimo vyake vilianza 2006 tu. Kosa la zamani hugeuka kichekesho. La jana linabaki dhambi.

Pipa la taka la Houston

Kesi ya Houston Astros inafaa kuelezwa hatua kwa hatua, kwa sababu hapa kosa lilikuwa la kundi zima. Mdakaji hukaa nyuma ya mpigaji na kumpa mrushaji ishara za vidole: rusha wa kasi, au rusha unaopinda. Msimu wa 2017 kamera iliyokuwa upande wa kati wa uwanja ilizipeleka ishara hizo kwenye skrini karibu na benchi la Astros. Mtu akazisoma, kisha akagonga pipa la taka kwa gongo. Mlio ulimaanisha mpira unaopinda au wa polepole. Kimya, mpira wa kasi. Mpigaji alijua kinachokuja.

Kuiba ishara kwa macho, ukiwa umesimama kituo cha pili, ni ujanja unaokubalika tangu enzi. Kilichokatazwa ni kutumia vifaa. Astros walichukua ubingwa mwaka huo. Novemba 2019 Mike Fiers, aliyekuwa mrushaji wao, akaianika siri hadharani. Januari 2020 ligi ikaitoza klabu dola milioni 5, ikawanyang'anya nafasi za kwanza na za pili za kuchagua vijana kwa miaka miwili, na kuwafungia meneja mkuu Jeff Luhnow na kocha AJ Hinch msimu mzima. Klabu ikawafukuza siku hiyohiyo. Wachezaji walikuwa wameahidiwa kinga ili waseme ukweli, hakuna aliyeadhibiwa. Ubingwa haukufutwa, na kamishna alipoliita kombe lenyewe "kipande cha chuma" akaongeza petroli, hata ikabidi aombe radhi.

Shabiki mmoja wa Astros alifanya kazi ambayo ligi haikuitangaza: alipitia video za michezo 58 ya nyumbani, mipira zaidi ya 8,200, na kuhesabu milio zaidi ya 1,100. Ikaonekana kwamba haikugawanywa sawa. José Altuve, anayezomewa kuliko wote kila aendako, alipigiwa pipa mara chache mno ukimlinganisha na wenzake. Hiyo ndiyo kasoro ya hukumu ya jukwaani: haina faili, inamwendea anayefahamika.

Mkuki kwa nguruwe umeonekana vizuri hapa. Houston walisema kila timu ilikuwa ikiiba. Los Angeles Dodgers na New York Yankees, waliofungwa na Astros mwaka ule, waliona wameibiwa kombe. Geuza upande: San Francisco, klabu yake, walimshangilia Bonds kwa kusimama na kustaafisha jezi yake namba 25 mwaka 2018. Kwingineko, mpira wa homrani yake ya 756, iliyompa rekodi, ulinunuliwa na mtu aliyewapigisha watu kura mtandaoni, ukachorwa alama ya nyota ya kutilia shaka, kisha ukapelekwa Cooperstown.

Hinch na Alex Cora, aliyekuwa msaidizi wake, walirudi kuwa makocha wa klabu kubwa mwaka 2021. Carlos Beltrán, mchezaji pekee aliyetajwa katika ripoti, alipoteza kazi ya kufundisha New York Mets kabla ya mchezo wa kwanza. Waandishi walimwadhibu, lakini kwa kipimo: asilimia 46.5 mwaka 2023, kisha 57.1, kisha 70.3, na Januari 2026 akaingia. Ni kana kwamba walimhukumu miaka mitatu ya kusubiri bila kukaa kikao.

Kosa la nje ya uwanja

Mpaka hapa makosa yote yanaharibu matokeo. Mchezo huadhibu hayo vikali kwa sababu yanagusa bidhaa inayouzwa. Mchezaji anayemdhuru mtu nyumbani hagusi matokeo, na kwa miongo mingi ligi iliona hilo ni la polisi. Agosti 2015 ligi na chama cha wachezaji walikubaliana sera: kamishna anaweza kumsimamisha mchezaji wakati uchunguzi unaendelea, na kumwadhibu hata pasipo hukumu ya mahakama.

Wa kwanza kuadhibiwa alikuwa mrushaji Aroldis Chapman, michezo 30 mwaka 2016, baada ya tukio la nyumbani kwake Florida ambalo waendesha mashtaka hawakulifungulia kesi. Angalia soko lilivyofanya. Dodgers walijitoa kumchukua habari zilipotoka. Yankees wakampata kwa bei ya chini. Miezi saba baadaye wakambadilisha kwa vijana wenye vipaji wa Chicago Cubs, akachukua ubingwa nao. Doa lilishusha bei kwa muda, kasi ya mkono ikairudisha. Roberto Osuna alifungiwa michezo 75 mwaka 2018, na Astros wakamnunua kabla kifungo hakijaisha.

Hapo neno "msamaha" linatumika vibaya. Klabu inayomwajiri mchezaji haijamsamehe chochote; imepiga hesabu. Shabiki anayeshangilia naye hana cha kusamehe, kwa sababu hakukosewa yeye.

Mfano wa msamaha wenyewe upo. Septemba 1996 mchezaji Roberto Alomar alimtemea mate usoni mwamuzi John Hirschbeck, kisha akasema maneno mabaya yaliyomhusu mtoto wa mwamuzi huyo aliyefariki. Alifungiwa michezo 5 tu, tena itumikiwe msimu uliofuata. Alizomewa kwa miaka. Lakini wawili hao walipeana mikono mwaka 1997, Alomar akachangia utafiti wa ugonjwa uliomuua mtoto yule, wakawa marafiki. Mwaka 2010 Alomar alikosa Cooperstown kwa kura 8, na Hirschbeck alikuwa miongoni mwa waliosema hadharani kwamba anastahili. Mwaka 2011 akaingia kwa asilimia 90.

Aprili 2021 ligi ilimweka Alomar kwenye orodha ya waliofungiwa, baada ya uchunguzi huru wa tuhuma za udhalilishaji wa kijinsia za mwaka 2014. Toronto Blue Jays wakaliondoa jina lake uwanjani kwao. Bodi ya Cooperstown ikasema alistahili wakati anachaguliwa, kwa hiyo bamba halitolewi. Mpaka leo Alomar yuko kwenye orodha ya waliofungiwa na bamba lake liko ukutani, wakati Rose ametolewa kwenye orodha hiyohiyo na ukutani hayupo.